Droni isiingie harusini uchi

Najua nimekuwa kimya. Kazi za watu zilinibana, na ninyi mnaoandika programu mnajua jinsi mteja anavyoweza kuigeuza kazi ya wiki mbili ikawa ya miezi miwili. Leo lakini nimeona nisinyamaze, maana kuna jambo linalonikera kila ninapoalikwa penye hema na pilau. Nalo ni droni. Si zile za kivita tunazoziona kwenye taarifa ya habari, la! Nasema hivi vidroni vidogo vya kamera vyenye propela nne, ambavyo mpiga picha asiye nacho siku hizi haitwi tena kwenye harusi, mahafali, ruracio, uzinduzi wa kanisa, hata mazishi.

Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda asome hapa kisha aende zake. Droni yoyote inayoruka karibu na watu, karibu kiasi kwamba mtu anaweza kuifikia kwa mkono au yenyewe ikamfikia usoni, ivalishwe kinga za propela. Na ziwe kinga kamili, zinazofunika pembeni, juu na chini. Droni isiyo na kinga ikae mbali kabisa. Halafu aliyeivalisha droni yake kinga asidhani amepewa ruhusa ya kuipitisha juu ya vichwa vya watu, kwa sababu kinga huzuia kukata, haizuii kuanguka. Watu huyachanganya haya mawili, na mabishano mengi ninayoyasikia kuhusu kinga yanatokana na kuchanganya huko.

Tuanze na propela yenyewe. Ukiishika mkononi utaidharau. Ni plastiki nyepesi, unaweza kuikunja kwa kidole kimoja. Mtu atakuuliza, kijiplastiki hiki kitanifanya nini? Haya, tupige hesabu, si ngumu. Chukua propela yenye kipenyo cha sentimita 12, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa droni za gramu mia mbili na kitu. Ikizunguka mara moja, ncha yake imesafiri sentimita 37 na ushei. Tuseme mota inaizungusha mara 10,000 kwa dakika, yaani mara 166 hivi kwa kila sekunde moja. Zidisha. Ncha inakwenda zaidi ya mita 60 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Hata ile matatu ya Nakuru yenye dereva asiyejipenda haijawahi kufika huko. Plastiki nyembamba ikiwa na mwendo huo haina haja ya kunolewa. Na kumbuka propela ni nne, kila moja ina mapanga mawili.

Kidole kikikatwa kinashonwa. Jicho ndilo linaloniogopesha. Mwaka 2015 kule Uingereza mtoto wa mwaka mmoja na nusu alipoteza jicho baada ya droni kugusa mti, ikamshinda rubani wake, na panga la propela likampata usoni. Aliyeirusha hakuwa mhuni. Alikuwa rafiki wa familia. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, mwimbaji Enrique Iglesias alikuwa jukwaani mjini Tijuana, Mexico, akaidaka droni iliyokuwa ikipiga picha za mashabiki, jambo ambalo alikuwa amelizoea katika maonyesho yake. Safari hiyo mapanga yalimkata vidole. Aliendelea kuimba kwa kama nusu saa akiwa amefungwa bendeji, kisha akapelekwa Los Angeles kufanyiwa upasuaji. Na mwezi wa Disemba 2014, katika mgahawa mmoja Brooklyn, kidroni kilicholetwa kuburudisha wateja wa msimu wa Krismasi kilimkata mpiga picha wa gazeti puani na kidevuni. Mapanga yake hayakuwa yamefunikwa.

Angalieni visa hivyo vitatu. Hakuna uwanja wa ndege, hakuna jambazi wala jasusi. Kuna mtoto na rafiki wa nyumbani, kuna msanii na mashabiki wake, kuna watu wanaokula. Ni sherehe. Ndiyo maana nasema harusi, kwa kuwa hapo ndipo droni na uso wa binadamu vinapokutana zaidi hapa kwetu.

Sasa niingie kwenye uwanja wangu, programu. Vijana wengi wa teknolojia wananiambia: bwana, droni za sasa zina akili. Zina sensa za kuona vizuizi, zina GPS, zikipoteza mawasiliano zinarudi zenyewe. Ni kweli, na mimi nakula kwa programu, siwezi kuzitukana. Lakini ni kwa sababu nazijua ndiyo sizitegemei karibu na jicho la mtoto.

Ndani ya ukumbi wenye paa la zege au mabati, GPS ni ya kubahatisha. Droni huanza kutegemea kamera yake ya chini, ambayo inatazama sakafu na kujiuliza, je, nimesogea? Ili ijue, inahitaji mwanga wa kutosha na sakafu yenye michoro ya kushika. Mpe zulia jekundu lisilo na ua hata moja, taa za disko zinazowaka na kuzima, na vigae vinavyong'aa kama kioo, halafu uone. Droni inaanza kutambaa pembeni polepole kama mlevi anayetafuta ukuta. Sensa za vizuizi nazo, kwenye modeli nyingi ndogo, hazipo pande zote. Hata zikiwepo, vitu vyembamba huzipita: kamba ya hema, waya wa taa za mapambo, tawi lisilo na majani. Na ile akili ya kurudi nyumbani? Kwa kawaida droni hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa kwenye mipangilio, ndipo inapoanza safari ya kurudi. Ukiwa umesimama chini ya mwembe, inapanda moja kwa moja kwenye matawi. Programu imefanya kazi yake barabara. Mwembe haukuwa kwenye programu.

Mfano ninaoupenda ni Tello, kidroni cha gramu 80 kilichotoka mwaka 2018, ambacho kimetumika sana kuwafundisha watoto kuandika programu. Unakiunganisha na tarakilishi kwa Wi-Fi, kisha unakitumia maneno matupu kwenye anwani 192.168.10.1, mlango 8889. Unaandika command, halafu takeoff, na ukitaka kishuke, land. Mistari michache ya Python na kitu kiko hewani. Raha tupu! Lakini maneno hayo husafiri kwa UDP, ambayo ni sawa na kumwita mtu katikati ya Gikomba: umepaza sauti, lakini kama amesikia hujui mpaka akuitikie. Iwapo ile land yako imepotelea hewani kwa sababu ukumbi una simu mia tatu zinazogombea masafa yaleyale, kidroni kinaendelea kuning'inia pale pale kikikungoja. Waliokitengeneza walilijua hilo. Waliweka kanuni kwamba kisipopata amri yoyote kwa sekunde 15, kinatua chenyewe. Halafu, pamoja na ujanja wote huo, wakakiuza kikiwa na kinga za propela ndani ya boksi. Kidroni cha gramu 80! Wahandisi wasiojiamini ndio wahandisi ninaowapenda.

Kinga ndiyo sehemu pekee ya usalama kwenye droni isiyohitaji betri, setelaiti wala sasisho. Haina hitilafu ya kusubiri toleo lijalo. Ipo au haipo.

Lakini si kila kitu kinachoitwa kinga ni kinga, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Zile zinazouzwa kwa wingi ni pete au nusu pete za plastiki zinazochomekwa kwenye mikono ya droni. Zinakaa pembeni ya propela, usawa mmoja nayo. Juu wazi, chini wazi. Kinga hizi zilibuniwa ukiwa na ukuta akilini: droni ikiugusa ukuta, pete ndiyo inayogusa, propela inapona, na wewe unaokoa pesa zako. Ni kitu kizuri kwa rubani anayejifunza sebuleni. Zinailinda droni dhidi ya ukuta.

Mtoto si ukuta. Mtoto haji kutoka pembeni kwa usawa wa propela. Anakuja mbio kutoka chini, mkono juu, vidole vimetanuka, anataka kushika. Pete ya pembeni haimzuii hata kidogo. Na mama yake, ambaye amevaa mtandio au amejitanda leso, ana hatari nyingine ambayo watu huisahau. Propela huvuta hewa kutoka juu na kuisukuma chini, ndivyo inavyoruka. Kitu chepesi kilichoko juu yake au karibu kinavutwa ndani: ncha ya mtandio, utepe wa mapambo, uzi wa puto, rasta ndefu za dada anayecheza. Kitambaa kikishika propela moja, droni inapinda ghafla upande huo, na zile propela tatu nyingine bado zinazunguka. Kwa hiyo kwa kazi ya karibu na watu unahitaji kitu chenye wavu au vijiti juu na chini, kizimba hasa.

Kuna jaribio langu la kienyeji. Toa betri, hakikisha imetoka, halafu jaribu kuipenyeza ncha ya kidole chako cha mwisho hadi ikaguse propela, kwanza kutoka pembeni, kisha juu, kisha chini. Kama chako cha mtu mzima kinafika, cha mtoto wa miaka mitatu kinafika mara mbili. Baada ya hapo bonyeza kinga yenyewe kwa nguvu kiasi uone kama inalegea na kuigusa propela. Kinga laini kupita kiasi ni balaa, maana ikigongwa inajikunja ndani, propela inasimama, na droni inaanguka. Zile za kampuni zisizojulikana zinazodai kutoshea modeli kumi tofauti mimi sizigusi.

Wazo la kizimba si geni, wala si la jana. Mwezi wa Februari 2015 kule Dubai kulikuwa na shindano la droni za kuwafaa watu, lililoandaliwa na Falme za Kiarabu, na zawadi ya kimataifa ya dola milioni moja ikachukuliwa na Gimball, droni ya kampuni ya Uswisi iitwayo Flyability. Droni hiyo ilikuwa ndani ya tufe la vijiti, na tufe lilikuwa likizunguka peke yake bila kuipindua droni. Ikigonga mti, tufe linabingirika, droni inaendelea. Ikigonga mtu, mtu anaguswa na kitu kama mpira. Ilibuniwa kwa uokoaji, kupenya ndani ya majengo yaliyoporomoka ambako kuna vumbi, giza na binadamu. Wao hawakujaribu kuunda droni isiyogonga kamwe. Walikubali kwamba itagonga, wakaanzia hapo. Kwa maoni yangu huo ndio uhandisi.

Haya, tuje kwenye uzani, maana mtu ameshaanza kunung'unika huko nyuma kwamba droni yake ni gramu 249 na kwa hiyo haina neno. Gramu 249! Namba hii imekuwa kama hirizi. Ilitokana na mipaka ya gramu 250 iliyowekwa na nchi kadhaa, na watengenezaji wakachonga droni zao hadi zikapita chini ya mpaka kwa gramu moja. Watu wengi wakasoma nusu ya sentensi, wakafunga kitabu. Marekani, kwa mfano, shirika la safari za anga la FAA lilianza mwaka 2021 kutumia sheria za kuruka juu ya watu. Kundi la kwanza kabisa, lile jepesi, linataka droni isizidi gramu 250 pamoja na kila kitu kilichobebwa, NA ISIWE na sehemu zinazozunguka zilizo wazi zinazoweza kuchana ngozi ya mtu. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ile ya gramu 249 yenye mapanga uchi haimo humo. Ukiivalisha kinga ili itimize sharti la pili, inavuka gramu 250 na kulivunja la kwanza. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ni kama kumwambia mtu avae koti lakini asiongeze uzito.

Watengenezaji wamesikia, angalau kidogo. Mwezi wa Septemba 2024 DJI walitoa Neo, ya gramu 135, yenye mapanga yaliyofunikwa tangu kiwandani. Januari 2025 wakaleta Flip, ambayo kinga zake hukunjwa pamoja na mikono na bado iko chini ya gramu 249. Kabla yao kulikuwa na HoverAir X1, ya gramu 125, iliyo kama kitabu kinachofunguka. Sijalipwa na yeyote kati yao (laiti!). Nazitaja ili mjue kwamba ule utetezi wa zamani, kwamba kinga ni mzigo wa kuchomeka baadaye unaoharibu droni nzuri, umepitwa na wakati. Siku hizi unaweza kununua droni iliyozaliwa na kinga zake.

Sasa upande wa pili, nao ni mzito, kihalisi. Kinga haipunguzi uzito wa droni. Gramu 249 ikidondoka kutoka mita 20, ukiacha upinzani wa hewa, inafika chini na nishati ya karibu jouli 49. Ni kama kuachia pakiti ya sukari ya nusu kilo kutoka mita kumi. Nani atakubali sukari hiyo imwangukie utosini, eti kwa kuwa pakiti ni laini? Mwaka 2015 mjini Seattle, katika gwaride lenye umati mkubwa, droni iligonga jengo ikamwangukia mwanamke mmoja kichwani akazimia, na mwaka 2017 aliyeirusha akahukumiwa siku 30 jela. Disemba ya mwaka huohuo wa 2015 kule Madonna di Campiglio, Italia, bingwa wa mbio za kuteleza kwenye theluji Marcel Hirscher alikuwa katikati ya mteremko, televisheni zikimwonyesha moja kwa moja, droni kubwa ya kamera ikaporomoka nyuma yake kwa umbali mdogo sana. Yeye hata hakuiona, aliendelea na mbio. Shirikisho la mchezo huo likapiga marufuku droni kwenye mashindano yake baada ya hapo. Katika visa hivyo viwili kinga isingesaidia lolote. Kilichohitajika ni droni isiwe juu ya mtu.

Kwa hiyo mpinzani wangu akisema kwamba kinga huwapa marubani kiburi, simkatalii. Nimewaona. Akishachomeka zile pete anaishusha droni hadi usawa wa keki. Kiburi hicho tukiondoe, bali kinga zibaki. Hakuna anayeng'oa mikanda ya matatu kwa sababu madereva wanakimbia.

Hoja ya picha je? Wapiga picha wanasema kinga huingia kwenye picha kamera ikitazama juu, huleta mtetemo, hula betri, na kwamba penye upepo droni inageuka tanga. Yote ni kweli kwa kiasi fulani, hasa kwa kinga za kuchomeka. Kwenye baadhi ya modeli, sensa huiona kinga yenyewe na kudhani ni kizuizi. Lakini jiulizeni, ni picha gani hiyo inayohitaji droni kuwa mita mbili kutoka kwa bibi harusi? Picha ya hema zima, msafara wa magari, uwanja na milima nyuma yake, hiyo unaipata ukiwa mbali, na hapo ruka uchi upendavyo. Picha ya karibu, ya machozi na pete, una miguu, tembea! Kamera ya mkononi itatoa picha bora kuliko kile kilenzi cha droni, na haitafukuza kila neno la padri au la kadhi kwa mlio wa nyuki. Nimehudhuria ibada ya mazishi ambapo hatukusikia wasifu wa marehemu hata sentensi moja kwa sababu ya kelele hiyo. Sitaji ni wapi.

Na sheria yetu iko wapi katika haya? Kenya ilikuwa na kanuni za 2017 ambazo Bunge lilizifuta mwaka 2018, kisha zikaja za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kanuni hizo zinaikataza droni kupanda zaidi ya futi 400 au kukaribia ndani ya mita 50 kutoka kwa mtu, gari au jengo lisilohusika na urukaji huo, isipokuwa kwa idhini. Mita 50, jameni! Pima kwa hatua uone. Ni nusu ya uwanja wa mpira. Harusi nyingi ninazoziona, droni iko mita tatu.

Wajanja hujibu kwamba wageni wa harusi "wanahusika" kwa kuwa wamekubali kuhudhuria. Hapana, bwana. Mgeni amekubali kula pilau na kupiga vigelegele. Kadi ya mwaliko haikumwambia kwamba kutakuwa na mapanga manane yanayozunguka juu ya meza namba saba. Anayehusika ni yule aliyeambiwa kabla, akaelewa, na akawa na nafasi ya kukataa. Bibi na bwana harusi labda. Shangazi aliyetoka Kitui kwa basi la asubuhi, hapana.

Ninachokitaka si sheria mpya, maana hata iliyopo haijasomwa. Nataka kamati ya harusi. Ninyi mnajua kamati zetu. Zinaweza kujadili rangi ya vitambaa vya viti kwa mikutano mitatu, zikagombana juu ya keki na kupigiana simu kuhusu ukubwa wa hema. Droni inaingia kwenye bajeti kama mstari mmoja, "picha na video", na hakuna anayeuliza. Waulize tu. Droni imesajiliwa? Anayeirusha ana leseni? Itaruka wapi na saa ngapi, na watoto watakuwa wapi wakati huo? Ikishuka chini ya vichwa vya watu ina kinga za juu na chini au ni pete? Na nani, mbali na rubani, atasimama pale inapopaa na kutua ili kuwazuia watoto? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu rubani macho yake yako kwenye simu iliyo juu ya rimoti. Hamwoni mtoto anayekuja nyuma ya mgongo wake. Binamu mmoja asiye na kazi, mwenye sauti, anatosha.

Na ile tabia ya kuidaka droni kwa mkono mbele ya wageni, ili watu washangilie, naomba ife. Kama ni hizi zilizofunikwa, zilizobuniwa kutua kiganjani, sawa. Kama ni za mapanga wazi, tandika mkeka wa kutulia mita kadhaa kutoka kwa watu, zungusha utepe, na usubiri mapanga yasimame kabisa kabla ya mtu yeyote kusogea. Mtoto aliyekuona ukiidaka leo, kesho ataidaka yeye.

Swali moja bado linanisumbua, na hili nawaachia mnaopiga picha Pwani. Bara tunaruka kwenye upepo wa kawaida. Ninyi mna kusi, na harusi za ufukweni haziishi. Kinga kamili ni kama kufunga vibakuli vinne kwenye droni, na kidroni cha gramu 135 mbele ya kusi la mwezi wa Julai ni unyoya. Mimi ningeiacha kwenye begi siku hiyo na kupiga picha kwa mkono. Wenzangu wa Nyali na Diani mnasemaje? Mnaruka na kinga zipi, na ni upepo wa kiasi gani unaowafanya mkunje virago?